Mfuko mmoja wa udongo: historia ya bustani za mjini, toka Lubumbashi mpaka Goma

Mama mmoja alitupigia simu studioni siku tulipokuwa tunazungumza juu ya bustani za mifuko. Ni muhami kutoka Masisi. Anakaa na watoto wane kwa ndugu wa shemeji yake huko Ndosho, chumba kimoja. Alisema hivi: «Ndugu mwandishi, kule kwetu nilikuwa nalima maharagi na viazi, tunakula na tunauza. Leo munaniambia nilime mfuko mmoja mbele ya mlango wa watu. Mfuko huo utanilisha mimi na watoto? Ao ni namna ya kutuambia tuzoee hii maisha?»

Nilimjibu haraka haraka, kama tunavyojibu redioni wakati dakika zimekwisha. Nilisema kidogo ni bora kuliko kukosa. Nikaweka muziki. Lakini jibu lile halikunitosha hata mimi mwenyewe, na wasikilizaji wengine wa Mugunga na Majengo walituandikia wakisema mama yule ana haki.

Basi nimejaribu kumjibu kwa kuangalia nyuma. Swali lake liliulizwa katika miji mingine ya Kongo kabla ya Goma. Nitaanza mbali, Katanga, nipite Kinshasa kidogo, kisha nirudi hapa kwetu juu ya mawe.

Lubumbashi ilianza mwaka 1910, mwaka reli kutoka kusini ilipofika, na Wabelgiji wakaiita Élisabethville. Ulikuwa mji wa shaba. Chakula cha watu wake kilifikiriwa baadaye. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka mbali, na kwa miaka mingi unga wa mahindi wa kuwalisha uliletwa kwa treni kutoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Mfanyakazi alipewa posho yake: unga, maharagi, samaki kavu, mafuta. Wazee wa Katanga bado wanalitamka neno hilo, posho, kama mtu anayetaja jina la ndugu aliyekufa. Vijijini nako, tangu mwaka 1917 serikali ya ukoloni ilikuwa na sheria ya kilimo cha lazima: mwanakijiji alionyeshwa shamba na zao, na asipolima alitozwa faini au alifungwa. Mji ulishiba kwa treni na kwa jasho la watu wasiokaa mjini. Jembe, kwa mtoto wa kambi ya wafanyakazi, lilikuwa jambo la kijijini, tena la aibu.

Kampuni ilichukuliwa na serikali mwanzoni mwa mwaka 1967, ikaja kuitwa Gécamines. Gécamines ilirithi migodi, shule, hospitali na posho. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, kukafuata vurugu za nchi, na kufikia 1994 shaba ilikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ikachelewa, halafu ikakosekana miezi kwa miezi. Posho ikaisha. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu juu ya familia hizo, na kichwa chake kinasema kwa Kifaransa kwamba watoto wa Shaba waliachwa na baba yao. Baba ni kampuni.

Nani alishika jembe? Kwa sehemu kubwa ni wanawake. Bibi wa mfanyakazi aliyezoea kupanga mstari kwa ajili ya unga alianza kulima matembele na lengalenga nyuma ya nyumba, kando ya bonde la Kafubu, pembeni ya barabara, popote udongo ulipokubali. Wanaume wengine walicheka kwanza. Baadaye nao wakatoka kwenda kutafuta mashamba ya mahindi nje ya mji. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoachishwa kazi na kupewa pesa ya mkono mmoja, wake wa wengi walikuwa tayari wanajua bei ya mbegu.

Niseme pia ubaya wake. Watafiti wa huko walipima udongo na mboga karibu na viwanda vya kuyeyusha shaba, wakakuta madini mazito ndani. Majani yanaweza kuwa mazuri ya kijani na yakabeba sumu. Kwa hiyo hata kwetu, swali la kwanza la mlimaji wa mjini liwe: udongo huu umetoka wapi?

Kinshasa ilipata somo lake kwa njia nyingine. Mji ule ulikula chakula kilichoshuka kwa mto kutoka Équateur na kilichopanda kwa barabara kutoka Bas-Congo. Maporomoko ya uporaji ya Septemba 1991 na Januari 1993 yalivunja maduka na kazi. Halafu ikaja vita ya Agosti 1998: umeme wa Inga ukakatwa, barabara ya Matadi ikafungwa, na kwa miaka iliyofuata mashua za mto hazikuweza kushuka kama zamani kwa sababu nchi ilikuwa imegawanyika. Katika mabonde ya N'djili, Kimbanseke na Masina watu walilima mboga kila penye maji. Wengine walikuwa walimu na watumishi wa serikali wasiolipwa.

Mwaka 2000 shirika la FAO, kwa pesa ya Ubelgiji, lilianza mradi wa kusaidia walimaji wa mboga katika miji ya Kongo, na miji mitano iliingia: Kinshasa, Lubumbashi, Likasi, Kisangani na Mbanza-Ngungu. Mwaka 2010 FAO ilitangaza kwamba miji hiyo mitano inatoa tani 330,000 za mboga kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya zile za miaka mitano nyuma. Namba hiyo imesomwa sana katika mikutano. Mimi kuna namba nyingine ninayoipenda zaidi, na haisomwi sana: mradi uliwasaidia walimaji kupata haki ya ardhi juu ya hektari 1,600 za bustani. Yaani kabla ya mbegu na mpira wa maji, walitafuta karatasi. Walijua kwamba mtu hawezi kuweka mbolea katika udongo atakaofukuzwa kesho.

Goma haikuwa katika orodha ya miji ile mitano. Na Goma ni mji mgumu kuliko yote hiyo.

Tazama ulivyokaa. Kusini ni ziwa. Mashariki ni mpaka, ukivuka ni Gisenyi. Kaskazini ni mlima Nyiragongo na mbuga ya Virunga, iliyotengwa tangu mwaka 1925. Upande wa magharibi ndio mji unakimbilia, kuelekea Mugunga na Sake, nako ni mawe ya volkano. Hatuna mto mjini. Mvua ikinyesha maji yanapenya katikati ya mawe yanapotea, ndiyo maana tunabeba bidoni wakati ziwa lipo mbele ya macho. Mboga, maharagi, viazi na mihogo yetu yametoka siku zote Masisi, Rutshuru, na kwa mashua kutoka Minova. Njia hizo tatu zikifungwa, sufuria ya Goma inajua jioni ileile.

Watu wa umri wangu wanakumbuka hadithi za 1994 kutoka kwa wazazi. Katikati ya mwezi wa saba, karibu watu milioni moja walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache. Kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Maiti zilikosa kuzikwa kwa sababu jembe liligonga mwamba, vyoo vilikosa kuchimbwa kwa sababu hiyohiyo. Kambi za Kibumba, Katale na Mugunga ziliishi kwa malori ya chakula. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha mawe haya yana maana gani: ardhi ambayo haikubali kaburi haikubali pia shamba, mpaka mtu ailetee udongo.

Hilo la kuleta udongo mimi nililiona nyumbani. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka na lava ikashuka mpaka ziwani ikipita katikati ya mji. Karibu 13 kwa mia ya mji ilifunikwa. Nilikuwa darasa la tano. Tulikimbilia Gisenyi na godoro moja, na baada ya siku chache tulirudi tukitembea juu ya mawe yaliyokuwa bado na moto chini ya viatu. Nyumba tuliyopanga haikuwepo. Mwenye parsele alituruhusu kujenga kibanda cha mbao juu ya lava yenyewe.

Mama yangu alikuwa na shangazi Himbi, ambako lava haikufika. Kila Jumamosi alienda kwake na beseni, akarudi na udongo kichwani. Majirani walimuuliza kama ameanza kuwa mwendawazimu. Alimwaga udongo katika nyufa za lava, akazungushia mawe madogo ili mvua isiuchukue, akachanganya na majivu na mavi ya kobayi tuliokuwa tunawafuga chini ya kitanda. Mwezi wa tano tulikula lengalenga yetu. Mwaka uliofuata kulikuwa na vitunguu, mashu machache, na mgomba mmoja uliokataa kufa. Majirani wale wale wakaja kuomba majani ya kupanda, na ninakumbuka avenyu yetu ikiwa na bustani ndogo sita au saba, kila moja na ukuta wake wa mawe meusi.

Mwaka 2005 mwenye parsele alipata mnunuzi. Hakutufukuza kwa ubaya, alitupa mwezi mmoja. Lakini mama alipouliza juu ya udongo, kwamba udongo ule si wa parsele, aliubeba yeye kwa kichwa miaka mitatu, yule bwana alicheka akasema, «Basi uurudishe ulikoutoa.» Hakukuwa na karatasi. Mashu yalikuwa bado madogo. Mafundi wakamwaga mchanga na simenti juu yake kwa siku moja.

Nimefikiria kicheko kile mara nyingi katika kazi yangu. Ukiuliza kwa nini bustani za Goma zinakufa, watu wa semina watakuambia mafunzo yamekosekana. Mama yangu hakufundishwa na mtu. Kilichokosekana ni neno la kudumu kati yake na mwenye ardhi.

Mfuko unaingia hapo. Bustani ya mfuko haikuzaliwa Goma. Huko Nairobi, mtaa wa Kibera, baada ya vurugu za uchaguzi za mwisho wa 2007, shirika moja la Kifaransa lilieneza mifuko hiyo kwa maelfu ya familia tangu 2008. Kwetu ilifika kupitia mashirika na kambi za wahami, na ilipendwa kwa sababu moja: mfuko unasimama juu ya mwamba na haumwombi mwenye parsele zaidi ya nafasi ya mguu.

Kwa wale ambao hawajauona, ni hivi. Unachukua mfuko wa kilo 50, wa mchele ao wa unga, usiooza. Unaweka chini mawe kidogo. Unachukua kopo kubwa la nyanya ao la maziwa lililotobolewa pande zote mbili, unalisimamisha katikati na kulijaza mawe madogo, ambayo Goma hatununui. Kando ya kopo unaweka udongo uliochanganywa na mbolea iliyooza vizuri. Unavuta kopo juu, unajaza tena, mpaka mfuko umejaa na katikati kuna nguzo ya mawe kutoka chini hadi juu. Nguzo hiyo ndiyo njia ya maji, bila yake juu kunaloa na chini kunakauka. Pembeni unatoboa matundu, yasifuatane katika mstari mmoja, na kila tundu linapata mche wake. Juu unaweka vitunguu ao nyanya. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanatosha kwa siku nyingi, mradi hayana sabuni. Wakati gesi ya volkano inashuka na mvua inaunguza majani, wanaojua wanafunika kwa kipande cha shitingi.

Sasa nimjibu mama wa Ndosho. Hapana, mfuko hautakulisha. Hakuna mji wa Kongo uliowahi kushibishwa na bustani zake. Lubumbashi iliendelea kununua mahindi Zambia, na Kinshasa inaendelea kula muhogo wa Bandundu na mchele wa meli. Bustani ya mjini inatoa mboga, haitoi fufu. Anayekuambia vinginevyo anatafuta pesa ya mradi.

Lakini mboga si kitu kidogo. Wazazi wa Kivu wanaujua ugonjwa wa bwaki, mtoto anayevimba miguu na nywele kuwa nyekundu wakati tumbo limejaa fufu tupu. Lengalenga peke yake haiondoi bwaki, hilo liwe wazi, maana mtoto anahitaji pia maharagi, ao sambaza wa ziwa. (Na hao sambaza nao ni wahami: walitolewa ziwa Tanganyika wakatiwa katika ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo nani angesema si wa kwetu?) Faida ya mfuko iko katika hesabu ya jioni. Mama anayekuta majani mlangoni halipi franga ya mboga, na franga ile inanunua kikombe cha maharagi ao fungu la sambaza. Katika mwaka ambao mabenki ya Goma yalifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa na misaada ikapunguka, kama ilivyokuwa tangu mwisho wa Januari 2025, franga hiyo moja inahesabika.

Swali lake la pili ni gumu zaidi, lile la kuzoea. Wahami wa Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala walipanda mifuko kando ya mahema tangu 2022 na 2023. Februari 2025 waliambiwa waondoke, na kambi zikabomolewa kwa siku chache. Nilipita Bulengo baada ya hapo kufanya repotaji. Shitingi zilikuwa zimeondolewa, miti ya mahema imechukuliwa, lakini mifuko ya udongo ilikuwa imesimama pale pale katika mistari, lengalenga ikiwa imepanda mpaka kuota mbegu. Mfuko uliojaa unapita nguvu ya mama mwenye mtoto mgongoni. Watoto wa jirani walikuwa wanachuma.

Kwa hiyo mimi siwaambii wahami wazoee. Ninawaambia jambo ambalo mama yangu hakuambiwa. Kabla ya kujaza mfuko wa kwanza, zungumza na mwenye parsele, na mbele ya chefu wa avenyu, hata kama ni karatasi ya daftari: kwamba utaweka mifuko mingapi, wapi, maji utatoa wapi, yeye atapata fungu gani la mboga, na siku akihitaji mahali pake atakuacha uvune kwanza na udongo uende na wewe. Wenye parsele wengi nilioongea nao huko Ndosho na Mugunga hawakatai. Wanaogopa tu kwamba mgeni akipanda kitu atasema mahali ni pake, na woga huo una sababu zake katika jimbo hili letu. Karatasi inamtuliza yeye pia. Na mifuko iwe midogo, ya kilo 25, ile ambayo watu wawili wanaweza kubeba ao chukudu moja ikachukua minne.

Juma lililopita nilienda kumtembelea mama yule. Ana mifuko mitatu, na mwenye nyumba amempa nafasi nyuma ya jiko, karibu na mahali maji ya mabati yanashukia. Miwili ina lengalenga na vitunguu. Wa tatu ulinishangaza, kwa sababu maharagi katika mfuko ni hasara: yanachukua nafasi na yanatoa kidogo. Nilimwambia hivyo. Akaniambia ndiyo, anajua, alilima maharagi kabla mimi sijazaliwa. Ni mbegu ya Masisi, alitoka nayo imefungwa katika kona ya kitenge, na alikuwa amebaki na kiganja kimoja. Hayo si ya kula. Anayapanda ili yasife, na ili siku ya kurudi asianze kwa kununua mbegu za sokoni asizozijua.

Mavuno ya kwanza alipata vikombe viwili. Ameviweka katika chupa ya plastiki, amechanganya na majivu, na amewakataza watoto kuigusa.